Ufagio wa Ghorofa ya Pili

Mgeni akizidisha siku, kuna watu humpa jembe. Watu wa kwao Tokie humsimamishia ufagio. Huugeuza kichwa chini, nyuzi zikatazama dari, wakautupia kitaulo juu, wakauegemeza ukutani pale mgeni atakapopita. Hakuna anayesema neno. Mgeni mwenye adabu akiuona hukumbuka ghafla kwamba ana safari.

Tokie aliujua ufagio huo kwa ncha zake zote mbili. Alipokuwa na miaka ishirini na minane, mke wa mtu mjini Sakai, mwaka wa saba bila mtoto, alirudi kutoka bafu la mtaa akaukuta umesimama mlango wa jikoni, mahali ambapo hapiti mtu ila yeye. Mama mkwe alikuwa akimenya figili, hakuinua uso. Mumewe akaja, akauona, akaukwepa kama mtu akwepavyo dimbwi. Tokie aliondoka na begi moja, na miaka ishirini na mitano baadaye alikuwa bado anaisikia sauti ya kile kisu kwenye figili.

Shule aliiacha mapema, kwa hiyo kazi aliyoipata ilikuwa ya kufagia, katika nyumba ya wageni kusini mwa Osaka, mtaa wa vibarua wa ujenzi. Mwenye nyumba alipozeeka bila mrithi, akamwachia yeye. Ndicho kitu pekee ambacho dunia iliwahi kumpa, na hata hicho alikipokea kwa kununa, kama mtu aliyelipwa nusu ya haki yake.

Vyumba vyake vilikuwa vya ukubwa wa mikeka mitatu ya kulalia. Ukilala na kunyoosha mikono, unagusa kuta. Vibarua walikuwa wanavijaza, kisha wakazeeka, wakapelekwa hospitali mmoja mmoja, wengi wasirudi. Nafasi zao zikachukuliwa na vijana wa mabegi ya mgongoni, watoto wa nchi za mbali waliotafuta pa kulala pa bei ndogo kuliko pote mjini. Mpaka baridi ile ninayoisimulia, kibarua aliyebaki alikuwa mmoja tu: Mzee Kuroiwa, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, mwaka wa kumi na saba.

Nusu ya majengo marefu ya Osaka yalijengwa mzee huyu akiwa juu ya majukwaa ya mafundi. Goti lilipokataa kupanda, akajipa kazi nyingine isiyo na mshahara: kuwaonyesha vijana wa mabegi mji usiodai kiingilio. Alijua jengo ambalo lifti yake inakufikisha juu bure ukauona mji wote, hekalu lenye bwawa la kobe, duka linalobandika bei nusu kwenye matonge ya wali jua likizama, na treni inayouzunguka mji mzima kwa tiketi ya kituo kimoja, ilimradi hushuki njiani. Lugha yao hakuijua. Aliwachorea ramani nyuma ya vipeperushi vya dukani kwa penseli bapa ya seremala, na nyumba ya Tokie aliichora na nguo zimeanikwa juu ya paa.

Aliyemzoea kuliko wote alikuwa Jesper, Mdenmaki mrefu wa ghorofa hiyohiyo ya pili, aliyekuja kwa siku tatu akakaa wiki nne. Alikuwa na gitaa dogo alilolipiga alfajiri, soksi mbichi zisizokauka, na miguu iliyotokeza nje ya mlango alipolala. Tokie alimwambia mara mbili, kwa ishara, kwamba inatosha. Kijana alitabasamu, akamwinamia, akaongeza siku.

Wiki hiyohiyo walikuja wasichana watatu kutoka Taipei, wakataka kulala pamoja. Tokie hakuwa na chumba cha watatu. Akawarudisha barabarani kwenye mvua, na alipopanda ghorofa ya pili kuzima taa, macho yake yalikwenda yenyewe kwenye ukuta uliotenganisha chumba cha Mzee Kuroiwa na chumba kitupu cha jirani. Ukuta wa mbao tu. Fundi angeutoa asubuhi moja.

Kesho yake akachukua ufagio, akaugeuza, akaufunika kitaulo, akausimamisha juu ya ngazi. Wa Jesper huu, alijiambia. Akajiambia tena alipokuwa anashuka.

Jesper aliuona, akaupiga picha. Jioni ule ufagio ulikuwa umeanikiwa soksi mbili.

Mzee Kuroiwa naye aliuona. Tokie alikuwa chini, akasikia nyayo zake zikifika juu ya ngazi na kusimama. Zilisimama muda mrefu kwa mtu mwenye goti bovu. Angeweza kuita. Angeweza kusema, mzee wangu, usijali, huo ni wa yule mtoto wa gitaa. Akafungua bomba la maji, akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Siku ya pili chumba cha mwisho kilikuwa kitupu. Godoro limekunjwa, mikeka imepanguswa, ufunguo uko juu ya boksi la vitumbua vya maharage matamu, zawadi ya kumshukuru kwa matunzo. Ndara zake za ndani zilikuwa mlangoni, zimegeuzwa kutazama nje. Ufagio ulikuwa umerudishwa stoo, na soksi za Jesper zimekunjwa vizuri juu ya hita.

Tokie hakuweza kula vile vitumbua. Hakuweza kuvitupa pia. Jesper alipomjia na kipande cha karatasi chenye picha ya mzee na alama ya kuuliza, akaonyesha kwa mkono kwamba kaenda kwa ndugu zake, mbali. Ulikuwa uongo. Mzee Kuroiwa hakuwa na ndugu; jina la mtu wa kujulishwa akifa, alikuwa ameandikisha la Tokie.

Siku ya nne theluji nyepesi ikaanguka. Tokie akagonga mlango wa Jesper, akamwonyesha ramani ya mzee iliyokuwa ukutani, akajigonga kifua, kisha akapitisha vidole viwili juu ya ramani kama miguu itembeayo. Kijana akavaa viatu bila kufunga kamba.

Ajabu ni kwamba katika miaka ishirini na mitano Tokie hakuwahi kuuona mji. Alijua soko, bafu na ofisi ya kata. Sasa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, na aproni ndani ya koti, aliongozwa Osaka na mgeni aliyefundishwa na mzee ambaye yeye Tokie alimfukuza. Walizunguka na treni kwa tiketi ya kituo kimoja, wakichungulia kila jukwaa la kituo kumtafuta mzee. Walipanda lifti ya bure. Juu kule Jesper akamwekea kidole kwenye kioo, na Tokie akaona, kati ya mapaa elfu, paa dogo lenye shuka zake mwenyewe. Akafahamu kwamba mzee alikuwa anawaleta wageni hapa na kuwaonyesha hilo. Kana kwamba anasema, pale ni kwetu. Akageuka haraka akabonyeza kitufe cha lifti.

Walimkuta hekaluni, kwenye bwawa la kobe, amekaa kwenye ukingo wa jiwe, anawachorea ramani vijana wawili wenye mabegi. Koti lake lilikuwa lilelile, ila amelifunga kamba kiunoni.

"Mama mwenye nyumba," akasema, kama wamekutana sokoni. "Leo umefunga nyumba? Au imeungua?"

"Rudi nyumbani, mzee wangu. Baridi hii si ya kukaa nje."

"Sikai nje. Nimepata kitanda cha juu, chumba cha watu wanane. Wanakoroma kwa zamu, kama walinzi."

Tokie akasogea karibu. "Ule ufagio haukuwa wako. Ulikuwa wa huyu." Akamwonyesha Jesper kwa kidevu. Jesper akatabasamu, akainama.

Mzee Kuroiwa akamtazama kijana kuanzia juu mpaka kwenye kamba za viatu, akacheka kidogo puani. "Huyu? Huyu alianikia soksi." Akarudi kwenye ramani yake, akachora ngazi ya hekalu mstari kwa mstari. "Ghorofa ile tulikuwa wawili tu, mama. Na paka hajui kusoma, haandikiwi barua."

Vijana wawili walikuwa wanangoja ramani, hawaelewi kitu. Kobe mmoja alitoa kichwa majini, akakirudisha. Tokie alikuwa na maneno mengine tayari, ya kujitetea, maana mtu aliyeonewa muda mrefu hayakosi. Alikuwa amezoea kudai tu. Kudaiwa hakukuwahi kumpata. Akayatafuta maneno yale, akayakuta yote yana sauti ya kisu kwenye figili.

"Nilijua," akasema. "Nilisikia umesimama juu ya ngazi. Nilijua umeuona, nikafungua bomba."

Mzee akaacha kuchora. "Nilisikia unasugua sufuria. Ilitakata?"

"Ilikuwa safi."

"Basi." Akaipuliza karatasi, akawapa vijana. "Hilo nilikuwa nataka kulisikia. Sasa nenda, mama, wageni watakukosa."

"Na wewe?"

"Mimi ufagio ukishasimama, nimeshaondoka. Ningerudi, kila asubuhi ungekuwa unatazama uso wangu na mimi natazama stoo yako. Hapo nani angepumzika?"

Tokie alimbembeleza mpaka akaona anamtia aibu mbele ya watu. Akaondoka. Jesper alibaki na mzee, na jioni akaja kuchukua begi lake.

Laiti hadithi ingeishia hapo, Tokie angekuwa amelipa kidogo. Lakini mwezi wa nne, maua ya macheri yalipofunguka na vijana wakafurika mjini, alimwita fundi, na ule ukuta ukatoka asubuhi moja, kama alivyokadiria. Alijiambia mzee mwenyewe alikataa. Akajiambia tena alipokuwa anashuka.

Wageni wa kwanza wa chumba kile walikuwa dada wawili kutoka Busan, wamelowa jasho, na mkononi wana kipeperushi cha dukani. Nyuma yake palichorwa kwa penseli bapa: treni, lifti, bwawa la kobe, na mwisho wa mshale, nyumba ya Tokie. Nguo juu ya paa hazikuwepo tena. Mlangoni palichorwa ufagio mdogo, umesimama, nyuzi zake chini.

Tokie aliitazama ramani hiyo mpaka dada mmoja akanyoosha mkono kuidai. Akawauliza kwa ishara kama mzee anachechemea. Wakaitikia kwamba anachechemea sana.

Akawapandisha ghorofa ya pili, akawafungulia. Walikifurahia chumba, walisema kitu kuhusu upana wake. Tokie alisubiri waingie, kisha akashuka stoo, akautazama ufagio ulivyosimama. Nyuzi zilikuwa chini. Hata hivyo aliuchukua, akaulaza sakafuni, usije ukamsimamia mtu tena.