Amin ya Pilau

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya pilau, mwanangu. Wewe unayetaka kazi ya redio, kaa hapa nikueleze, na hiyo simu iweke chini.

Nilikuwa nimeolewa Kiongoroni, kule deltani kwenye mikoko, mwanamke mbichi kabisa. Zama zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye fedha alikuja na mradi wake. Wakaja watu wa kampuni moja, wanataka kufyeka mikoko wachimbe mabwawa ya kufugia kambamiti. Wakachinja ng'ombe, wakapika pilau, tukala tukashiba. Mwisho mmoja wao akanyanyua mikono, akamwomba Mungu aubariki mradi. Sasa dua inakataliwa? Sie wote, "Amin!" Hata wiki haijaisha, redio ikatangaza ati Kiongoroni wameridhia. Loh! Mikokoni ndimo tulimopata samaki, kuni na miti ya kujengea. Tungekwenda wapi?

Ndipo akaja Konsolata. Mwandishi wa habari, kakimbia vita kwao Burundi, akiandikia gazeti moja la Dar es Salaam. Watu wakanong'ona: huyu mwenyewe hana kwao, atatusaidia nini? Kiti alichowekewa hakukikalia. Alitukuta mimi na wifi yangu tunatanda uduvi, kila mmoja kashika pembe za kanga majini, akavua viatu akaingia matopeni hadi mapajani.

"Dada, mlikubali mikoko ikatwe?"

"Tuliombewa dua, tukaitikia."

"Lakini nani aliwauliza?"

Hakuna aliyetuuliza, mwanangu. Hakuna! Akasema kwao mambo yaliharibika hivyo hivyo, mtu mmoja anasema kwa niaba ya wote, na hakuna anayekwenda kuwauliza wenyewe.

Kesho yake tuko barazani, mimi nasema, yeye anaandika, akatokea bwana wa kampuni. Akamwambia mbele ya watu, "Wewe mkimbizi. Ukiandika haya, kibali chako kitafutwa, urudishwe huko huko kwenye bunduki."

Kalamu ikamponyoka Konsolata. Akaiokota. Akanigeukia mimi, si yule bwana, akasema, "Samahani dada, hapo ulisemaje? Nimekosa neno moja."

Wallahi! Mtu anatishwa kwa kifo, naye anaulizia neno langu, mimi mtanda uduvi! Nikalirudia kwa sauti, na jina langu nikampa aliandike. Wifi naye akasogea akataja lake.

Konsolata akaondoka, tukadhani basi. Kumbe alirudi, begi mkononi, keshaamriwa atoke nchini. Alitaka kutusomea kabla habari haijapelekwa gazetini. Mzee mmoja, mbishi huyo, akamkatiza: "Mimi sikusema tumekataa. Nilisema hatujaulizwa." Akafuta, akasahihisha, akamsomea tena. Boti inamngoja, nahodha anapiga kelele, yeye anasahihisha neno la mzee!

Habari ilipotoka, wakaja wakubwa wa serikali, safari hii wakatuuliza mmoja mmoja, na tukasema hapana. Mikoko ipo, nenda kaione. Yeye sikumwona tena, wala sijui alipoishia. Nimeona watu wengi wenye vyeo hapa Kibiti, lakini sijaona mtu mkubwa kama yule.

Basi shika hili. Ukipewa kazi hiyo ya redio, usimsemee mtu usiyemuuliza. Ukishamuuliza, rudi umsomee, hata kama umechoka, hata kama unaogopa. Kuogopa si aibu, yule aliogopa mbele ya macho yangu. Na wewe mwenyewe usiitikie jambo kwa kuwa umekula cha mtu.

Haya, nyanyua mikono. Mungu akupe sikio la kusikia wasiosikika, akupe moyo wa yule mwanamke siku utakapotishwa, na popote alipo, naye ampe kwao.

Mbona umeshafungua mdomo? Ngoja kwanza. Umesikia nilichoomba? Unakikubali?

Haya, sasa itikia.