Macro yangu ilimwita mtoto aliye hai marehemu

Wakuu, habari za leo. Mimi huwa nasoma tu humu, sijawahi kuanzisha uzi. Nilisoma hadi darasa la nane na kuandika kwangu ni pole pole, kwa hivyo mnivumilie. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nafanya kazi kwa cyber hapa Kyumbi. Mwenye cyber ni mama tunayemwita Bi Zuhura. Kazi nyingi tunayopata ni eulogy. Familia inaleta maisha ya mtu wao kwa karatasi za exercise book, mimi nachapa, tunaprint vijitabu vya kupeana mazishini.

Kwa vile mimi ni wa pole pole, nilitafuta njia. Nilianza na Ctrl+S, halafu Ctrl+H yenye Replace All, inayobadilisha neno kila mahali kwa mara moja. Halafu video moja ikanifunza kurekodi macro kwa Word. Unaionyesha kompyuta kazi mara moja, ukibonyeza vitufe inairudia yenyewe.

Yangu ilikuwa inapanga maandishi, inaweka mapambo ya pembeni, na kila palipo na jina la aliyekufa inatanguliza "Marehemu". Familia hupenda hivyo, lakini huandika jina tupu. Mimi nabadilisha jina tu ndani ya macro.

Nilijiona mjanja, nisiwadanganye.

Ijumaa moja asubuhi akaja baba mmoja. Mama yake, Ndunge, amefariki, na mazishi ni kesho yake. Nikachapa, nikabonyeza, nikaprint vijitabu mia moja. Akashukuru, akaenda.

Saa tisa mchana akarudi na vijitabu vyote kwa boksi, ameshika mkono wa msichana mdogo aliyevaa uniform ya shule. Hakupiga kelele. Alifungua kijitabu kwa orodha ya wajukuu, akaweka kidole.

"Soma hapa, dada."

Nikasoma. Mutheu, Muli, Marehemu Ndunge, Kioko.

"Huyo marehemu ndiye huyu," akasema. "Ametoka shule saa hii. Ni yeye amesoma akaniuliza yeye amekufa lini."

Wakuu, nilichanganyikiwa. Sisi Wakamba mjukuu hupewa jina la nyanya yake, hata baba yake humwita mwaitu, yaani mama yangu. Mimi mwenyewe nimeitwa jina la susu, yaani nyanya yangu. Jambo nimelijua tangu nizaliwe, na nikibonyeza vile vitufe halikunijia hata kidogo.

Nikachukua kalamu nikate hilo neno moja. Yule baba akafunika kijitabu na mkono.

"Usichore hapo. Mama yake akiona mstari karibu na jina la mtoto wake, hatasimama kusoma hii eulogy. Na ni yeye mwaitu, huyu tunayemzika, aliomba amsomee."

Bi Zuhura akachungulia juu ya bega langu. "Hii kompyuta yako imemtangulia Izraili," akasema.

Baba akacheka. Mimi sikujua kama nicheke ama nilie, nikaangalia keyboard.

Tulitoa pini za vijitabu vyote mia kwa kisu. Nikaanza kurekebisha ule ukurasa, mtoto amesimama kando yangu akiangalia screen. Nilipofika kwa jina lake nikaliandika upya, herufi moja moja.

Akasema, "Andika na Grade Three. Ndio wajue ni mimi."

Nikamwangalia baba yake.

"Andika vile mwaitu amesema."

Kwa hivyo mazishini walisoma Mutheu, Muli, Ndunge wa Grade Three, Kioko. Zile kurasa za zamani zenye kosa, baba alizibeba zote. Hakutaka hata moja ibaki kwa kikapu chetu.

Nilichojifunza: kwa majina situmii tena Replace All. Naenda jina moja moja, na nikiona jina limerudi kwa wajukuu napigia familia simu. Wateja wengine wanalalamika nachelewa. Wacha walalamike.

Lakini bado sielewi kosa lilikuwa wapi. Macro ilifanya vile niliiambia. Bi Zuhura anataka niifute. Jamaa mwingine ameniambia niandike script iwe inaniuliza ndiyo au hapana kabla ya kila jina.

Iniulize mimi? Siku hiyo ningejibu ndiyo kila mahali. Mimi ndiye nilichapa hiyo orodha kwa vidole vyangu, na sikumwona huyo mtoto mpaka aliposimama mbele yangu.

Mnaojua hizi script, nyinyi mngefanyaje? Nitasoma maoni yote. Kujibu ndiko nitachelewa.