Majengo Yaliyobaki Saint Paul, na Nyumba Yetu ya Kitale

Mgonjwa wangu wa kila Jumamosi alikuwa mwalimu mstaafu wa mji wa Saint Paul, huku ughaibuni ninakofanya kazi ya kutunza wazee, mama mzee ambaye miguu ilimkataa lakini mdomo haukuchoka. Mapenzi yake yote aliyaweka kwa mwanamume aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, msanifu majengo wa karne ya kumi na tisa. Nilimtania kwamba marehemu mumewe angekuwa hai angeshaomba talaka. Alicheka mpaka akakohoa.

Theluji isipoziba njia, nilimpakia garini, nikakunja kiti chake cha magurudumu, tukaenda kumtembelea huyo bwana. Maisha yake niliyajua bila kupenda. Alifika mjini kijana, reli ilipokuwa ikileta watu na pesa, na kila tajiri akitaka nyumba yenye mnara. Alijenga makanisa, shule, maduka, na nyumba za mawe mekundu zenye baraza pana. Kisha mitindo ikabadilika, matajiri wakatafuta wasanifu wapya, naye akazeeka akichora mabanda ya farasi. Alipokufa wakaanza kubomoa. Barabara kuu ilimeza baadhi ya kazi zake, maegesho ya magari yakameza nyingine.

"Hapa palikuwa na shule," mgonjwa wangu alisema siku moja, akinyooshea kidole lami tupu huku macho yamemjaa machozi. Mimi niliona mahali pazuri pa kupaki gari. Lakini mbele ya kanisa moja lililobaki, aliniomba nimgusie jiwe la mlangoni, kwa kuwa ngazi zilimshinda. Niliposhika lile jiwe huzuni yake ilinihamia, maana sisi pia siku zile tulikuwa na nyumba ya kubomolewa.

Baba alijenga nyumba moja tu maishani mwake, nje kidogo ya Kitale. Aliichora chini kwa fimbo. Mama akaifuta kwa mguu na kuichora upya, kwa sababu baba alikuwa ameweka jiko mahali ambapo upepo ungeingiza moshi wote sebuleni. Matofali walichoma wenyewe. Sakafu ilikuwa nyekundu, na kila Ijumaa tuliing'arisha kwa magoti tukinung'unika. Huku Richfield, si mbali na Saint Paul, naishi kwenye zulia kutoka ukuta hadi ukuta, na Mungu anajua ninavyoitamani baridi ya ile sakafu. Natamani mvua ya mabati, ile inayowanyamazisha watu kwa kuwa hakuna anayesikika. Sijarudi tangu tumzike baba.

Basi mdogo wangu akaandika kwenye grupu la familia kwamba nyumba ibomolewe, mama ajengewe nyingine palepale. Wote walikubali isipokuwa mimi. Ghafla nikawa mtaalamu wa kuhifadhi majengo ya kale! Niliwatumia picha za majengo ya Saint Paul, na vibao vya shaba vya kumbukumbu vilivyopigiliwa kutani mwake.

"Sista, hiyo ni stone," mdogo wangu akajibu. "Hii yetu landlord ni mchwa."

Walicheka wote, nami nikajitoa kwenye grupu kwa hasira. Fundi akabaki anasubiri, kwa sababu mama alisema halitaguswa tofali hata moja ikiwa kuna mtoto wake anayelia.

Jumapili moja asubuhi, kabla ya ibada, nikampigia mama. Kwao ilikuwa jioni. Nilijua atakuwa upande wangu, maana ramani ile ilikuwa yake. Nilimsimulia habari zote za msanifu, naye akasikiliza bila kunikatiza.

"Huyo mzungu," akauliza, "hayo majengo yake yaliyobaki, watu wanalala ndani?"

Nikasema mengine yanalaliwa, mengine ni ofisi, na kanisani watu bado wanasali.

"Si ndiyo maana yamebaki! Yanatunzwa, hayavuji. Mimi mvua ikianza nasukuma kitanda, nasukuma tena, mpaka nafika mlangoni. Nyumba unaitaka wewe, mwanangu, lakini mvua inaninyeshea mimi."

Nililia, na sikujaribu kuficha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikuwa nimekitetea kitanda cha mama miezi yote ile bila kumuuliza hata mara moja analalaje. Niliona aibu. Bado niliitaka ile nyumba, niliitaka sana, kila tofali lake.

"Bomoeni, mama," nikasema.

Alishusha pumzi. Kisha sauti yake ikachangamka, akaanza kunieleza habari za nyumba mpya, choo cha ndani, na tangi la maji.

"Na chumba chako kipo, nimemwambia fundi. Sasa niambie, dirisha lako lielekee wapi, barabarani au shambani?"

Nilitaka jua la asubuhi. Nikafumba macho nikajaribu kukumbuka pale kwetu linachomozea upande gani, barabarani au shambani, nikashindwa.

"Chagua wewe, mama," nikamwambia. "Mimi sikumbuki."