Paja la Kakakuona

Afisa wa mazingira alitukusanya pale Buleusa, akatundika picha ya kakakuona ukutani. Akasema mnyama huyu yuko karibu kutoweka, ameandikwa kwenye liste, orodha ya dunia nzima, sheria inakataza kumgusa. "Nani alimuona wa mwisho, na wapi?" Nikauma meno. Liste! Sisi tulipokuwa tunatoweka, nani alituandika?

Mimi nilimuona wakati wa vita, nikiwa msichana. Tulikuwa tumekimbilia porini, baba, mama na sisi watoto watatu, tukila sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Siku moja mtego wa baba ukamnasa kakakuona. Mama akapiga vigelegele, baba akamzuia. Kwetu nyama hiyo hailiwi mpaka mzee wa ukoo wa pili, usio wetu, apokee paja lake mkononi. Ukitangulia kula, unamla mtu wa nyumba yako.

"Muzee iko Kalembe," mama akamwambia. "Njiani kuna barriere, wenye bunduki wamefunga njia. Papa, batoto wanakufa na njaa!"

"Njo maana ninaenda mbio. Muningojee."

Akalifunga paja kwa kipande cha kikwembe cha mama, kitenge cha kijani, akaondoka.

Tulingoja siku nne, nyama ikikauka juu ya moto, harufu ikitutesa. Siku ya tano mdogo wangu alishindwa kusimama. Mama akalia, akakata nyama, akatupikia. Yeye hakuonja hata mchuzi. Sisi tulipona, baba hakurudi.

Tangu hapo mama alikuwa na neno moja: "Mimi njo nilimuua." Tulimbembeleza, wapi! Padri alimwombea, wapi! Alikufa nalo moyoni, mwaka huu huu, kabla ya mavuno ya maharage.

Sasa pale mkutanoni mzee mmoja wa Kalembe akainua mkono.

"Wa mwisho, mimi nilikula paja lake. Papa mumoja aliniletea, limefungwa na kikwembe cha kijani. Alikuwa ametembea siku mbili. Nikamwambia alale, akakataa, eti batoto bake wanangoja. Walimupiga risasi pale barriere, akirudi. Nilimuzika mimi mwenyewe. Batoto, sikujua walikimbilia wapi."

Siku mbili. Sisi tulikula siku ya tano.

Afisa akauliza ilikuwa mwaka gani. Mimi nilikuwa nimeshatoka. Nilikwenda moja kwa moja hadi kaburini kwa mama, nikapiga magoti kwenye tope, nikapaza sauti, watu wakanisikia hadi barabarani:

"Mama, paja lilifika! Mama, ungekula!"