Gari Lisilo na Milango

Bibi yangu alikuwa na mkono mwepesi. Ukiitwa ukajibu "Nini?", kofi lishatua. "Mtoto wa watu huitika naam," akisema, "hata kama humuoni anayekuita." Visheti vyake navyo, mji mzima hakuna aliyempata, lakini hayo yana siku yake. Nimeanza na kofi kwa sababu lilitaka kuniua. Haya sikuhadithiwa, yamenipata mwenyewe.

Miaka ile baada ya Mapinduzi spea hazipatikani. Rafiki yangu Makame, fundi wa Kiembe Samaki, akaunda gari la kukimbilia mchangani. Injini ya kigari kile cha mgongo wa kobe, magurudumu mapana ya lori, usukani wa teksi. Halina paa, halina milango. Kiti cha nyuma alikitoa kwenye gari lililoachwa uani, Malindi. Mwenye gari hilo hakuonekana tena tangu siku za Mapinduzi.

"Umemuomba nani?" nikamuuliza.

"Nimuombe nani, kuku?"

Tukacheka.

Tukalipeleka pwani ya Matemwe kulijaribu, maji yametoka, mchanga mtupu. Adhuhuri Makame akatangulia msikitini. Nimekaa kwenye usukani, sauti ya mzee ikatoka nyuma yangu: "Kijana!"

"Naam," nikaitika. Ulimi ushazoea.

Gari likawaka lenyewe. Kwenye kioo namuona mzee wa kanzu, fimbo mapajani, amekaa kwenye kile kiti. "Nipeleke nyumbani, baba."

Usukani hautaki mikono yangu. Gari likazunguka, likazunguka, na bahari inajaa. Utasema, si uruke? Niamini, nilirusha mguu, ukagonga mlango! Siuoni, lakini naupapasa, wa baridi, na kitasa chake hakifunguki. Mzee akiita, mdomo wangu unaitika "naam", na gari linazidi kuelekea kwenye kina. Maji yakanifika kiunoni.

"Kijana!"

Nikauma ulimi mpaka damu. Kisha nikamjibu mzee wa watu: "Nini?"

Injini ikazima. Mguu ukatoka nje, mlango haupo tena.

Leo wajukuu wangu wananiita kiziwi. Si kiziwi mie, nasubiri nimuone anayeniita. Nawe fanya hivyo hivyo, hata kama umelelewa vizuri.

Nilipofika pwani kavu, Makame akaniita kwa jina, nyuma yangu. Au sauti ya Makame. Sikuitika, sikugeuka. Nikashika njia kwa miguu, nguo zinachuruzika, na Matemwe sijarudi, wala kwa Makame.