Mulango wa Baba na Nyayo za Kuku

Mutoto wa avenyu yetu ya zamani, kule Ndosho, Goma, alikimbia vita na mama yake akaenda kukulia Ulaya. Mwaka aliorudi alikuwa muchoraji, akatuma neno kwamba majirani wote wa zamani tuje galeri kumusikiliza. Mimi nilifika darasa la tatu tu, galeri sikuijua. Nilikuta ni nyumba nyeupe ambamo watu wanaangalia ukuta wakinywa sukre, soda baridi, tena ya bure. Nikachukua mbili.

Mbele walikaa muchoraji na dada wa kumuuliza maswali. Nyuma yao, katika kila picha, mwanaume mumoja na mulango juu ya kichwa. Hapa anapita kwenye theluji na mulango. Pale anavuka bahari, mulango kichwani. Dada akauliza ni kwa nini.

Muchoraji akasimulia kwamba, akiwa mutoto, alichungulia kwa tundu la ubao, risasi zinalia upande wa Sake, akaona mutu anakimbia na mulango. Akafikiri ndivyo watu wanavyokimbia vita. Akamuuliza mama yake mbona sisi hatubebi wetu; mama akamupiga kofi, wakakimbia bila mulango. Tulicheka sana. Huko Ulaya, akisugua vyoo muchana na kuchora jioni, mutu yule hakumutoka. Alimuona ndiye mukimbizi wa wakimbizi wote, anatembea na mulango akitafuta nyumba ya kuutia. Dada akapangusa macho.

Mimi nilikuwa nimeacha kunywa. Mulango ule ulikuwa wa kijani, na nyayo za kuku zilipanda kutoka chini mpaka kwenye kitasa.

Ni wa kwetu. Baba aliulaza chini akaupaka rangi, kuku wa mama akapita juu yake ungali mubichi. Mama alitaka kumuchinja. Baba akakataa, akasema sasa mafundi wamekuwa wawili. Baba alikufia kambini Mugunga, chini ya shitingi, turubai la wakimbizi, na foto yake hatuna. Tuliporudi, nyumba ilikuwa wazi kama kinywa. Jirani mumoja hakuwa amekimbia. Tulipomuuliza nani alibeba mulango, akasema ni askari. Nilihamia mutaa wa Mabanga, lakini kila nikikutana naye niliuliza tena, naye alijibu vilevile. Sikutaka mengi: mulango, au basi aseme tu ni yeye.

Watu wanapenda kusema vita ilituibia. Vita haina kichwa ya kubebea mulango. Askari walitufukuza, hilo nalisema, lakini wao walikuwa na lori na walipakia mali ya wenye mali. Mulango wa maskini unabebwa na mutu anayejua kwamba mwenyewe hayupo.

Jirani huyo leo ni shefu, mukubwa wa avenyu. Alikaa mustari wa mbele, na kravati. Muchoraji aliposema angependa sana kumukumbatia mutu yule kama angali hai, shefu akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi mwenyewe, mutoto wangu."

Makofi yakalia. Wakakumbatiana. Watu wakamupiga foto chini ya picha, naye akanyanyua mikono juu ya kichwa kuonyesha alivyoushika. Kicheko kikanianza tumboni, nikacheka mpaka galeri yote ikanigeukia.

"Shefu," nikasema, "kama ni wewe, ile mulango ya baba unairudisha lini?"

Akasema milango iko mingi Goma. Nikamuuliza muchoraji kama nyayo zile alizitunga. Hapana, alichora alichoona.

"Basi si mimi," akasema shefu. "Tulifanana wengi."

"Umeshapigwa foto, papa," mama mumoja akamuambia kutoka nyuma. "Umeonyesha na mikono."

Ndipo muchoraji akaelewa. Akazungusha macho ukutani: mwizi kwenye theluji, mwizi baharini. Nilimuhurumia. Lakini alikaa chini kabisa, sakafuni, akacheka na machozi, akisema miaka yote hiyo alikuwa anamulilia mwizi.

Shefu akaangalia kravati yake. "Iko kwangu," akasema. "Kwa choo."

Tulienda wote, galeri nzima, na chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ya kupakia. Nyayo alikuwa amezigeuza ndani, kwa hiyo wa kuziona alikuwa ni yule aliyechuchumaa tu. Kila asubuhi alikuwa anaziangalia. Aling'oa bawaba kwa mikono yake, jasho kwenye kravati, akauliza sasa choo atafunga na nini.

"Nitakupa picha moja," akasema muchoraji. "Ile ya bahari inatosha."

Musamaha hakuomba, wala sikumupa. Nilipanda juu ya chukudu, nikalalia mulango ili usianguke, tukateremka mbio, watu wa galeri wanatufuata wakipiga mbinja, mimi napiga kelele kama mutoto na harufu ya choo puani.

Kwangu haukuingia, ni mupana. Nimeulaza uani. Kuku wangu wanapita juu yake.