Askari Amekula Vidonge Vyangu vya Damu

Leo askari wa kizuizi cha barabarani pale Old Kampala amekula dawa yangu ya kuongeza damu.

Ni vidonge vyekundu, vimepakwa sukari. Mimi vimenifunga choo siku nne. Yeye kaona peremende.

"Mama, sukari hakuna Kampala. Wewe natoa wapi hii?"

"Ni dawa, afande. Nimepungukiwa damu."

"Wewe nadanganya."

Akatafuna vinne. Akasoma jina kwenye kitambulisho changu, herufi kwa herufi, akaniruhusu.

Nilicheka njia nzima mpaka soko la Owino.

Hapo nikakumbuka kuwa vidonge hivi hugeuza choo kuwa cheusi kama lami. Kesho afande atachungulia, ataapa nimempa sumu.

Na jina langu analo.

Jamani, nani ana kitanda cha ziada kule Nateete, nikajifiche?